Tafiti matamasha ya filamu kabla hujaandaa onyesho la mitindo ya haki

Filamu ikiisha, watazamaji wengi husimama kutafuta mlango. Anayebaki kitini huona majina yakipanda kwenye skrini: mwongozaji na waigizaji kwanza, kisha mpiga picha, mhariri, fundi sauti, aliyeshona mavazi, aliyepika, hadi dereva aliyewachukua watu alfajiri. Mimi nasomea ubunifu wa mavazi, na orodha hiyo hunigusa kila ninapoiona, kwa sababu nguo haina ya kwake. Shati la kawaida limepita mikononi mwa mkulima wa pamba, msokotaji, mfumaji, mtia rangi, mkataji, mshonaji na mpiga pasi. Kwenye lebo kuna jina moja tu, la mwenye kuliuza.

Kukosekana kwa orodha hiyo kumegharimu watu. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, lililokuwa na viwanda vya nguo karibu na Dhaka nchini Bangladesh, liliporomoka. Walikufa watu wasiopungua 1,134, na wengine zaidi ya 2,000 wakajeruhiwa. Ili kuthibitisha ni kampuni zipi zilikuwa zikishonewa nguo humo, watu walilazimika kupekua kifusi wakitafuta lebo na karatasi za oda. Kutokana na msiba huo Carry Somers na Orsola de Castro walianzisha vuguvugu la Fashion Revolution, lenye swali ambalo hata mtoto analielewa: nani ametengeneza nguo zangu?

Kwa hiyo nilipokuwa na onyesho la mitindo ya haki la kuandaa chuoni, yaani la mavazi yanayotengenezwa kwa kujali watu na mazingira, na wakati huohuo kazi ya darasani ya kutafiti matamasha ya filamu, niliziunganisha zote mbili. Waandaaji wa matamasha wameshafikiria kwa miaka mingi mambo ambayo maonyesho yetu ya mavazi bado yanahangaika nayo: kutaja waliofanya kazi, kuandika masharti yanayoeleweka, kuchagua bila upendeleo, na kuwafanya watazamaji wabaki ukumbini kuuliza maswali. Namwandikia mwanafunzi mwenzangu mwenye wazo, mwenye marafiki wachache wa kumsaidia, na asiye na fedha nyingi.

Anza na swali moja

Matamasha ni mengi na huwezi kuyasoma yote. La Venice lilianza mwaka 1932, Cannes na Locarno 1946, Berlin 1951, FESPACO la Ouagadougou nchini Burkina Faso 1969, Toronto 1976, na lile la Zanzibar lilifanyika kwa mara ya kwanza 1998. Ukiingia humo bila swali utatoka na picha za mastaa na majina ya washindi, vitu ambavyo havitakusaidia kupanga hata safu moja ya viti. Swali langu lilikuwa hili: tamasha linamtendeaje mtu aliyefanya kazi lakini haonekani kwenye picha? Lako linaweza kuwa jingine. Pengine unataka kujua wanavyogharimia ukumbi, wanavyopunguza taka, au wanavyowavuta watazamaji wasio wa fani hiyo. Liandike juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, na kila unachosoma kipime kwa swali hilo.

Kisha chagua matamasha manne au matano yasiyofanana. Chukua moja kubwa, kama Cannes, ambalo taarifa zake zimejaa kila mahali. Chukua moja linalokutanisha filamu na mavazi: lile la ASVOFF lililoanzishwa na Diane Pernet mjini Paris mwaka 2008, au Fashion Film Festival Milano lililoanza 2014. Chukua moja dogo ambalo waandaaji wake wana nafasi ya kujibu barua pepe. Mimi niliongeza FESPACO kwa sababu ya ratiba yake, maana hufanyika kila baada ya miaka miwili. Dunia ya mitindo huendeshwa kwa misimu isiyopungua miwili kila mwaka, na wapenda haki tumekuwa tukilalamika kwamba mwendo huo ndio unaomchosha mshonaji. Halafu sisi wenyewe tunataka onyesho jipya kila muhula! Tamasha kubwa la filamu barani Afrika limesimama tangu 1969, na kwa sehemu kubwa ya uhai wake limekuwa likifanyika kwa kupishana mwaka mmoja, bila heshima yake kupungua. Lifikirie hilo kabla hujaahidi kwamba onyesho lako litakuwa la kila mwaka.

Ukishachagua, acha habari za magazeti kwa muda na utafute kanuni za ushiriki. Karibu kila tamasha huziweka wazi kwenye tovuti yake, kwa sababu watengenezaji wa filamu hawawezi kutuma kazi bila kuzisoma. Humo ndimo utakapoona tamasha linavyofikiri: filamu iwe ya urefu gani, iwe imekamilika mwaka gani, iwe haijaonyeshwa wapi, nani ana haki ya kuituma, tafsiri ya maandishi iwe ya lugha gani, nani analipia usafirishaji wa nakala, majaji ni wangapi na wanakatazwa nini.

Soma kanuni za matamasha mawili kwa pamoja na uzilinganishe mstari kwa mstari. Neno "filamu fupi" linaonekana halihitaji ufafanuzi hadi ufanye hivyo. Kwenye shindano la filamu fupi la Cannes kikomo ni dakika 15. Tuzo za Oscar, ambazo si tamasha lakini zina kanuni zilizoandikwa kwa makini, zinakubali hadi dakika 40, na orodha ya majina ya mwishoni inahesabiwa ndani yake. Waandaaji hawakuliachia neno lijieleze. Waliweka mpaka ambao mtu yeyote mwenye saa anaweza kuukagua.

Neno "haki" liwe sharti linalokaguliwa

Hapa ndipo utafiti unapoanza kulipa. Maonyesho mengi ya mitindo ya haki hutangaza kwamba yanapokea mavazi "yanayojali mazingira na watu". Mbunifu gani atasema yeye hajali? Sharti la namna hiyo halimzuii mtu na halimsaidii mtu. Andika masharti ambayo jaji anaweza kuyajibu kwa ndiyo au hapana.

Mfano mzuri upo tayari kwenye mitindo yenyewe. Wiki ya mitindo ya Copenhagen ilitangaza mwaka 2020 kwamba itaweka masharti ya chini kwa kila nembo ya mavazi inayotaka kuwa kwenye ratiba yake rasmi, na masharti hayo yakaanza kutumika mwaka 2023. Miongoni mwake yalipoanza, nembo haikutakiwa kuharibu nguo ambazo hazikuuzwa, na angalau nusu ya mkusanyo ilitakiwa iwe ya malighafi zilizothibitishwa, zilizorejelezwa au masalio ya viwandani. Unaweza kubishana kuhusu nusu hiyo, wengine wanaona ni ndogo, lakini mnabishana juu ya kitu kinachoonekana.

Kwa onyesho la wanafunzi masharti manne yanatosha. Haya ndiyo ninayoyapendekeza, yabadilishe upendavyo. Kwanza, mbunifu aweze kumtaja kila mtu aliyekata na kushona vazi analoleta. Pili, kila mshonaji asiye mbunifu mwenyewe awe amelipwa kabla ya siku ya onyesho, na mbunifu aeleze kama malipo yalikuwa kwa siku au kwa kipande. Tatu, kitambaa kiwe na maelezo ya kilikotoka, na kama hakijulikani kilikotoka iandikwe hivyo. Nne, baada ya onyesho vazi liwe na mwenyewe wa kulivaa, kuliuza au kulihifadhi, lisiwe limeshonwa kwa ajili ya dakika moja jukwaani.

Wabunifu watakuletea vyeti, kwa hiyo jua kila cheti kinasema nini na kinanyamaza wapi. OEKO-TEX Standard 100 hupima kama nguo ina kemikali zenye madhara kwa anayeivaa. Ni jambo jema, lakini hakikuambii chochote kuhusu mshahara wa mshonaji. GOTS, cheti cha nguo za kilimo hai, huanzia kwenye nyuzi, ambapo angalau asilimia 70 lazima ziwe za kilimo hai, na pia kina masharti kuhusu wafanyakazi viwandani. Alama ya Fairtrade kwenye pamba inamlenga hasa mkulima na bei anayolipwa. Usiichukulie kama ushahidi wa hali ilivyokuwa kwenye cherehani. Mbunifu mwenye cheti kimoja anaweza kabisa kudhani amejibu maswali yote. Mwulize kwa upole lile ambalo cheti chake hakikulijibu.

Kadi ya majina

Kama kuna jambo moja tu utakalochukua kutoka matamasha ya filamu, lichukue hili. Kila vazi liwe na kadi yake, na kadi hiyo iandikwe kwa mpangilio wa kazi, kama majina ya mwisho wa filamu yanavyopangwa. Hivi ndivyo inavyoweza kuonekana:

Gauni la bluu, mikono mirefu
Pamba: ilikolimwa haijulikani
Kitambaa: masalio ya oda ya kiwanda, mita tatu
Rangi: jina la aliyetia
Mchoro na patani: jina
Kukata: jina
Kushona: majina mawili
Darizi na matundu ya vifungo: jina
Kupiga pasi: jina
Malipo: washonaji walilipwa kwa siku
Linakoenda baada ya leo: litabaki kwa mbunifu, linakodishwa

Tazama mstari wa pamba. Wabunifu wengi watataka kuufuta kwa sababu unawatia aibu. Usikubali ufutwe. Neno "haijulikani" likitokea kwenye kadi moja baada ya nyingine, mtazamaji anaanza kuona mwenyewe pale mnyororo unapokatika, na swali atakalouliza baadaye litakuwa na uzito kuliko hotuba yoyote utakayoitoa. Kadi iliyojaa bila pengo lolote ndiyo inayopaswa kukaguliwa mara mbili.

Kuna jambo la kulishughulikia kwa uangalifu mkubwa. Jina ni la mtu, na mwenye jina ana haki ya kukataa. Mshonaji aliyeajiriwa kiwandani anaweza kupata matatizo akionekana kwenye onyesho linalozungumzia mishahara. Mwombe ruhusa akiwa peke yake, bosi wake asiwepo, na umweleze kadi itasomwa wapi, picha zitawekwa wapi, na zitakaa kwa muda gani. Akitaka jina la kwanza tu, andika la kwanza. Akikataa, andika "mshonaji ameomba asitajwe", maana hata hilo linamheshimu kama mtu aliyekuwepo. Usimbadilishie jina kwa kubuni.

Kadi zikikamilika, zitumie mara tatu. Zining'inize kwenye mavazi wakati wa maandalizi, kwa sababu wasaidizi wanaovisha wanamitindo huzisoma na kuanza kuongea kuhusu mafundi kwa majina yao. Zichapishe kwenye kijitabu cha ratiba. Na mwisho wa onyesho, ziweke kwenye skrini zipande taratibu huku taa za ukumbini zikiwa bado hazijawashwa zote. Mwendo wa kupanda uwe wa mtu anayesoma kwa sauti ya kawaida. Jaribu mwenyewe kwa kuzisoma, na ukijikuta unakimbizana na maandishi, punguza. Kama kuna mafundi waliokuja, jina lao likipita wasimame.

Weka pia vazi moja mezani likiwa limegeuzwa ndani nje. Jukwaani watu huona umbo na rangi, na mambo mengi ya haki yamo ndani ya nguo. Wakishika upindo wataona kama mshonaji aliacha akiba ya kitambaa ya kutosha kuongeza urefu au upana siku za mbele, au kama ulikatwa ukingoni kabisa ili kubana gharama. Wataona kama mshono umefunikwa au umepitishwa ovaloki haraka na nyuzi zinaning'inia, na kama kifungo kina shina la uzi au kimegandishwa kwa mizunguko miwili. Mweke fundi mmoja pembeni ya meza hiyo, umlipe kwa muda wake kama unavyomlipa mzungumzaji mwingine, na umwache aeleze. Watu wataganda hapo, nakuhakikishia.

Ukitaka kuonyesha filamu

Onyesho la mitindo ya haki likitanguliwa na filamu fupi hubadilika kabisa. Onyesho la jukwaani kwa kawaida huchukua dakika 10 hadi 15, na mtazamaji hana muda wa kufikiria kazi iliyofanyika. Akiwa ametoka kutazama mikono ikitia rangi au ikisukuma kitambaa chini ya sindano, vazi la kwanza likitokea analiangalia kwa macho mengine.

Chagua filamu kwa uangalifu. Kuna filamu nyingi kuhusu viwanda vya nguo zinazomwonyesha mfanyakazi akilia tu, huku mtu mwingine akimweleza. Mimi nazikwepa. Tafuta ile ambayo mfanyakazi mwenyewe anazungumza, anaeleza ujuzi wake, anakasirika, anacheka na wenzake. Ratiba za zamani za matamasha ni hazina hapa: mengi huacha orodha za miaka iliyopita kwenye tovuti zao, pamoja na jina la mwongozaji na la anayeshikilia haki. Tafuta humo filamu fupi za miaka michache iliyopita. Zimeshamaliza mzunguko wa matamasha, na waongozaji wake mara nyingi hufurahi kuona kazi yao bado inaombwa.

Kisha omba kibali, hata kama filamu iko wazi mtandaoni. Malipo ya mwezi ya huduma ya kutazama filamu nyumbani hayakupi haki ya kuionyesha hadharani, na kutoza au kutotoza kiingilio hakubadilishi hilo peke yake. Kama chuo chako kina leseni ya kuonyesha filamu, muulize mkutubi inahusu nini hasa. Leseni ya darasani mara nyingi haifiki kwenye tukio lililo wazi kwa umma. Na fikiria: onyesho linalodai haki ya mshonaji likitumia kazi ya mwongozaji bila ruhusa, limeshajikanusha kabla ya vazi la kwanza.

Barua ya maombi iwe fupi na iwe na kila kitu anachohitaji kujua ili aamue:

"Habari. Mimi ni mwanafunzi wa ubunifu wa mavazi, na naandaa onyesho la mitindo ya haki. Naomba kibali cha kuonyesha filamu yako mara moja, tarehe fulani, kwenye ukumbi wa chuo wenye viti 120. Kiingilio ni bure. Tutaitaja filamu na majina ya timu yako kwenye kijitabu, na tungependa uzungumze na watazamaji kwa njia ya video kama una nafasi. Naomba unijulishe ada yako, aina ya faili unayoweza kututumia, na masharti ya matangazo."

Neno "ada" lisikosekane. Kuna waongozaji watakaosamehe ada kwa ajili ya wanafunzi, lakini uamuzi huo ni wao, na barua isiyotaja malipo kabisa inamweka mtu kwenye kona. Tuma miezi mitatu kabla ukiweza.

Kuhusu faili, muulize fundi wa ukumbi anatumia nini kabla hujamjibu mwongozaji. Kumbi za sinema hutumia kifurushi maalumu kinachoitwa DCP, ambacho kompyuta ya kawaida na projekta ya darasani havikifungui bila programu yake. Wakati mwingine DCP hufungwa kwa ufunguo wa kidijitali unaofanya kazi kwenye mashine moja tu na kwa saa zilizopangwa. Ukisogeza onyesho mbele kwa siku moja, filamu haitafunguka hadi upewe ufunguo mwingine. Kwa projekta ya darasani faili la MP4 linatosha. Kwa vyovyote vile, ichezeshe filamu yote, mwanzo hadi mwisho, kwenye mashine ileile na spika zilezile, na mtu mmoja akae safu ya nyuma asome maandishi ya tafsiri.

Majaji, tuzo na zulia

Tuzo huamua ni kazi gani zitaletwa mwaka unaofuata. Tamasha la Toronto limejulikana kwa tuzo inayotolewa kwa kura za watazamaji, na imekuwepo tangu 1978. Tuzo kuu ya FESPACO imepewa jina la farasi wa binti mfalme Yennenga, mtu wa historia ya watu wa eneo hilo, na jina hilo peke yake linasema tamasha linajiona ni la nani. Ukitoa tuzo ya "vazi zuri zaidi" utapata mavazi mazuri. Toa tuzo ya kadi iliyo kamili zaidi, au ya ukarabati bora, na mpe tuzo hiyo fundi pamoja na mbunifu, wote wawili wapande jukwaani. Kama huna haja ya mashindano, usiwe nayo.

Majaji wawe watatu au watano. Mmoja wao awe mshonaji anayeishi kwa kazi hiyo. Waandike mapema kama wana undugu, biashara au ualimu na mbunifu yeyote, na wakae pembeni zamu yake inapofika.

Zulia jekundu ndiyo sehemu ya tamasha inayopigwa picha kuliko zote, na nadhani ndiyo yenye somo dogo kuliko zote, isipokuwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba mavazi mengi ya pale ni ya kuazima na hurudishwa. Ukiazima nguo, viatu au vito, andikishaneni: hali ya kitu siku ya kukichukua, nani analipa kikichanika, kinarudi lini. Piga picha kila kitu pande zote. La pili linahusu mgeni anaambiwa avae nini. Mwaka 2015 kulikuwa na malalamiko makubwa Cannes baada ya habari kwamba wanawake waliovaa viatu visivyo na visigino virefu walizuiwa mlangoni. Mwaliko wako usimfanye mtu anunue kitu. Andika: "Vaa nguo ambayo umeivaa mara nyingi kuliko zote." Watu hufika wakiwa na hadithi zake mdomoni, na mazungumzo yanaanza kabla ya ratiba.

Mabango yasiwe na mwaka wala tarehe, ili yatumike tena. Mifuko ya zawadi iache kabisa.

Wanamitindo nao ni wafanyakazi. Wapewe chumba cha kubadilishia chenye mlango unaofungwa, wapiga picha wasiingie humo, na waambiwe mapema picha zao zitatumika wapi. Kama huna uwezo wa kuwalipa, waambie hivyo siku ya kwanza kabisa, na usitangaze popote kwamba kila aliyeshiriki amelipwa.

Kuwaandikia waandaaji wa matamasha

Utafiti wa kusoma una mwisho wake, na baada ya hapo unahitaji mtu wa kumuuliza. Usimwandikie wakati tamasha linakaribia wala linapoendelea. Subiri wiki kadhaa baada ya kufungwa, watu wakiwa wamelala usingizi wa kutosha. Usiwaandikie wakurugenzi, mwandikie anayeshughulikia ratiba, wageni au wafanyakazi wa kujitolea, kwa sababu yeye ndiye anayejua saa nane usiku hutokea nini. Uliza swali moja tu ambalo jibu lake halimo kwenye tovuti. "Mnafanyaje mtu anapolalamika kwamba jina lake limesahauliwa kwenye orodha?" ni swali zuri. "Naomba ushauri kuhusu kuandaa tukio" si swali, ni mzigo.

Ukiweza, jitolee kwenye tamasha mojawapo, na omba kazi ya mlangoni au ya kupokea wageni. Cannes pia ina mpango wa siku tatu kwa vijana wa miaka 18 hadi 28 wanaopenda filamu, na matamasha mengine yana vibali vya wanafunzi. Angalia tarehe za maombi mapema maana hufungwa miezi kadhaa kabla.

Jambo la wafadhili liamueni kabla ya kuanza kuomba fedha. Angalia nembo zilizo nyuma ya vijitabu vya matamasha uliyoyachunguza, ujiulize zipi zingekubalika kwako na kwa nini, kisha andikeni kanuni yenu kwa mistari miwili na wanakikundi wote waisaini. Mfadhili akishafika na ahadi ya kulipia ukumbi, ni vigumu sana kuanza kujadili kama kampuni yake inawalipa washonaji.

Siku ya onyesho na wiki inayofuata

Mpangilio ninaoupenda ni filamu kwanza, mavazi pili, majina kwenye skrini, kisha maswali kwa dakika zisizopungua 30, na meza ya nguo iliyogeuzwa ikiwa wazi hadi mtu wa mwisho atoke. Kwenye kipindi cha maswali, wageni walioketi mbele wawe mbunifu na mshonaji wake, na swali la kwanza liende kwa mshonaji. Mwongozaji wa mazungumzo awe mtu anayejua kumkatiza kwa adabu anayetoa hotuba badala ya kuuliza.

Ndani ya wiki moja rudisha vilivyoazimwa, lipa kilichobaki, na futa faili la filamu kama kibali kinavyosema. Mwandikie mwongozaji idadi ya watu waliotazama na maswali mawili matatu waliyouliza. Ataitumia taarifa hiyo anapoomba fedha za filamu nyingine. Mpelekee kila aliyetajwa kadi yake na picha ya vazi alilolifanyia kazi. Kisha weka hadharani masharti yenu, kadi zote na hesabu ya mapato na matumizi, ili kikundi kingine cha wanafunzi kisianzie kwenye ukurasa mtupu.